Hakufa Ghafla: Maisha ya Jicho, Mchunguzi wa Mayai ya Nguruwe

Marehemu mjukuu wangu, mliyemwita Jicho, alizaliwa tarehe 14 Machi 1989, siku ya mvua kubwa hata bata wakatafuta pa kujibanza. Jina hilo nilimpa mimi bibi yake. Akiwa na miaka minne aliona chawa kichwani kwa mkunga, na mkunga mwenyewe yuko ng'ambo ya barabara. Anayebisha asimame.

Alianza shule mwaka 1996, akahitimu chuo kikuu mwaka 2012, shahada ya sayansi ya mifugo. Mimi darasa sikulikanyaga, lakini sare zake nilizifua mimi, kwa hiyo nusu ya shahada ni yangu.

Mwaka 2013 aliajiriwa kwenye maabara ya uzazi wa mifugo. Alichukua ovari za nguruwe machinjioni, akazibeba kwenye chupa ya chai zisipoe, kisha akanyonya mayai kwa sindano. Nilimtania, "Nguruwe anazaa kumi na wawili bila cheti, wewe unamfundisha nini?" Akacheka. "Bibi, mayai mawili yanafanana kama mapacha, moja litatoa mtoto, lingine bure. Ndani yake kuna jeni zinazofanya kazi na zilizolala. Natafuta zipi zinalifanya yai liwe zima."

Aliolewa tarehe 6 Agosti 2014 na fundi majokofu. Jokofu la maabara liliharibika mara moja tu. Fundi alikuja kulitengeneza mara saba.

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, aliweka mayai kwenye mashine ya joto, yakae saa arobaini na nne ndipo yapimwe. Adhuhuri tumbo likaanza kumkata. Akaomba ruhusa aende hospitali. Mkuu wa maabara akamjibu, "Mayai hayangoji, Jicho. Tumbo litangoja."

Jumanne alirudi kazini amejikunja kama ndoana. Mumewe alimsihi, naye akasema, "Nikiondoka, kazi ya miezi minane imekwenda na maji." Hapo hata yeye namkasirikia, Mungu anisamehe. Jumatano saa kumi na mbili asubuhi aliyatoa mayai, akayapima yote, akaanguka. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Alifariki saa tano, chumba cha upasuaji.

Ofisi ilituletea karatasi ya wasifu wake tuichape: "Alifariki ghafla." Ghafla gani ya siku mbili? Ghafla ni radi! Nimemwambia mchapaji alifute neno hilo. Jana Mkuu akaninong'oneza, "Bibi, haya ni mambo ya ndani." Ya ndani vipi, na mtoto tunamzika mbele za watu?

Ameacha mume, binti wa miaka tisa, mwana wa miaka mitano, mama yake, na mimi niliyepaswa kumtangulia.

Mkuu, nakuona hapo kiti cha mbele, na miwani yako nyeusi. Simama uwaambie wanawe ulimjibu nini mama yao. Jeneza halishuki kabla hujasema. Ukishasema tutamshusha, naye apumzike kwa amani.