Jivu Kwenye Vikombe vya Shaba

Sabato njema, ndugu zangu. Itikieni vizuri basi, au uji wa asubuhi haukutosha? Mzee wa kanisa amenipa dakika chache kabla hatujatoka kuoshana miguu, tayari kwa Meza ya Bwana. Mabeseni nayaona pale mlangoni, kwa hiyo nitasema upesi maji yasipoe.

Mnanijua. Ni mimi fundi wa maabara ya shule yetu hapa Manga, yule anayewakaripia watoto wenu wakivunja chupa. Msilolijua ni kwamba miaka sita iliyopita niliharibu kazi ya mtu mmoja na jina la mwingine, kisha nikanyamaza.

Alikuja hapa mwalimu wa chuo kikuu, mama mmoja mzaliwa wa Kiogoro aliyesoma ng'ambo. Sisi tulimwita Daktari. Aliomba ile stoo yetu iliyochimbwa ndani ya kilima, akaweka humo mashine na kuizungushia matofali ya risasi, yale madini mazito. Ukibeba tofali moja, mgongo unakukumbusha siku tatu. Nikamuuliza, "Daktari, tunatafuta dhahabu?"

Akacheka. "Hapana, tata," akaniita kwa heshima ya kwetu, kama baba. "Tunatafuta kitu kilichonyamaza."

Alinieleza polepole, na sikuwahi kuona mtu msomi mwenye subira kama ile. Kila kitu kina mionzi kidogo: udongo, chuma, hata mifupa yako, na mashine ile huisikia kama kelele. Wenzake ng'ambo walikuwa wanangojea tukio moja dogo sana ndani ya maada, ambalo huenda likatokea mara moja tu kwa mwaka. Ni kama kusikiliza kifaranga ndani ya yai huku watu wanapura maharagwe. Basi walihitaji sanduku la kitu kisicho na kelele, na yeye akasema, kwa nini lisiwe jiwe letu laini la Tabaka?

Jiwe lililetwa na ndugu mmoja wa kanisa hili hili. Alikuwa akichimba kule Tabaka wiki nzima, na Ijumaa anarudi kabla jua halijazama. Tulilisaga, tukalitia kwenye vikombe vya shaba, na kila kikombe kikakaa kwenye mashine siku saba. Mashine haikujua Sabato, mimi ndiye niliyejua.

Sasa nawaambia kosa langu. Daktari alikuwa amenionyesha jinsi ya kuosha vile vikombe, kwa asidi kidogo na maji ya mvua yaliyochemshwa, basi. Lakini shaba ilifubaa, na wageni wake walikuwa wanakuja kutoka Nairobi. Mama zangu mlioketi hapa, nani kati yenu anampa mgeni chakula katika sufuria iliyofubaa? Nilikausha maganda ya ndizi, nikayachoma, nikasugua vikombe kwa jivu kama mama alivyonifunza. Viling'aa mpaka unajiona meno. Sikuvisuuza, maana maji yangeacha madoa. Nilijisifu sana siku ile.

Kuanzia hapo kila jiwe likawa na kelele. Daktari alirudia vipimo miezi miwili. Mwishowe akaamini kwamba mchimbaji alikuwa anakwangua jiwe la juu, lililochanganyika na udongo wa barabarani.

"Daktari, nimelitoa chini kabisa kwa mikono yangu," ndugu yule akasema.

"Mashine inasema vingine."

Habari ilifika machimboni kabla yake. Akaitwa mdanganyifu, na hata hapa kanisani wengine walimpa mkono wa baridi.

Siku moja tunakula, Daktari akamenya ndizi na kuniambia kwa utani, "Hii nayo ina mionzi yake, ukiiweka kwenye mashine itapiga kelele. Na jivu lake litapiga zaidi." Nilielewa papo hapo: kelele ilikuwa ya jivu langu, si ya jiwe. Ndugu zangu, nilinyamaza wiki tano. Niliogopa kufukuzwa kazi. Nikimwona mchimbaji njiani, nilipita kwenye migomba ya watu.

Ikafika Sabato kama ya leo. Wanaume tulienda upande ule, na kati ya wote, anayekuja mbele yangu na beseni ni yeye. Akapiga magoti. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa mawe. "Ndugu, lete mguu."

Nilirudisha mguu nyuma.

"Nini, maji ni moto?"

Nikamwambia yote, pale pale, machozi yakinitoka. Hakukiachia kisigino changu. Kisha akasema, "Maji yanapoa. Lete na ule mwingine." Alipomaliza kunikausha akaongeza, "Kesho tutaenda kwa Daktari pamoja."

Tulienda. Nilingoja kufukuzwa. Daktari alivua miwani, akaniuliza neno moja tu: "Jivu liko wapi?" Tulilipima, na mashine ikalia mfululizo kama bisi kwenye chungu. Akainuka, akamshika mchimbaji kwa mikono miwili. "Nisamehe. Niliamini mashine, na wewe sikukuamini." Kisha akaenda naye Tabaka, akayasema hayo mbele ya wachimbaji wote. Mtu mkubwa vile!

Tulianza upya, na safari hii niliosha alivyonifundisha. Jiwe liliporudi kwenye mashine, alituita sote wawili. Tuliusikia mlio mmoja, kisha kimya kirefu mpaka nikadhani imeharibika. "Jiwe lako limenyamaza," akamwambia. Mchimbaji akavua kofia.

Namshukuru Daktari kwa kunibakiza kazini. Nawashukuru ninyi mliomrudishia ndugu yetu mkono wenu. Na wewe unayekaa na neno moyoni leo, nakuomba ulitoe mapema, kuna mtu analipia kimya chako.

Yule ndugu yumo humu ndani, simtaji. Ila naona ameshaanza kuinuka kufuata beseni, kama kawaida yake. Kaa chini, ndugu yangu. Leo nalibeba mimi.