Kuku wa Saa Moja na Nusu

Nje ya duka la fundi cherehani kuna benchi lenye mguu mmoja mfupi, na wanaolikalia hawajawahi kushindwa na swali lolote duniani. Jioni hiyo kahawa ilikuwa imeshamiminwa, ila Pindo, mwenye duka, hakuigusa. Alishika karatasi aliyoachiwa na mkewe kabla hajaenda zamu hospitali. Mama mkwe anakuja kula, yule aliyewahi kusema mbele ya ukoo mzima kwamba Pindo hata maji yanamwungulia. Leo kuku wa oveni ni kazi ya Pindo peke yake. Akimharibu, atasimangwa mpaka azeeke.

— Soma tena, alisema Breki, dereva wa lori.

— "Kuku saa moja na nusu."

— Si ndiyo hiyo! Ikifika saa moja na nusu, unamwingiza.

— Na chakula ni saa mbili! Mama wa watu ale mbichi?

— Basi ndiyo saa ya kumtoa.

— Acha ushamba, alidakia Majira, fundi saa. Hiyo si saa ya ukutani, ni muda. Dakika tisini.

— Oveni yake ina moto juu na chini, alipinga Breki. Tisini gawa kwa mbili.

— Kuku naye ana pande mbili. Zidisha tena!

— Hujatoa miguu.

— Miguu haihesabiwi, haina nyama.

Pindo aligeuza karatasi; nyuma hapakuwa na kitu.

— Si umpigie mkeo? Breki akauliza.

— Nimpigie? Asubuhi nimejipiga kifua kwamba aliyeshona suti za maharusi hawezi kushindwa na kuku! Bora niungue mimi.

Ghafla vikombe vikashuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yao na mkoba wake, amewahi.

— Shikamoo mama, Pindo akainuka.

— Marahaba. Kelele zenu zimenifikia kule kona. Kwani huyo kuku ana uzito gani?

Majira akachungulia kikombe chake. Breki akakohoa. Pindo kiburi cha kazi kikampanda. Tangu aanze ufundi hajawahi kugusa kazi bila vipimo.

— Kilo sijui, mama. Ila kifua ni inchi kumi na sita, kiuno kumi na tatu.

— Na mapaja?

— Saba kasoro robo. Kila moja.

Mama mkwe alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa.

— Huyo atataka dakika tisini, mkwe wangu. Kawashe moto.

Pindo akaenda, kifua mbele.