Lori Tupu Bado ni Lori

Imesomwa kwa niaba ya wanachama wa Koperative Twikorere, wakulima wa ndizi wa Gashonga, siku ya kukabidhiwa lori

Mgeni rasmi, viongozi wa sekta yetu ya Gashonga, mapadri, wachungaji na masheikh, wazazi na majirani mlioacha majembe kuja kutusikiliza: amani iwe kwenu.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, tumefurahi kukuona, na tumefurahi zaidi kuona ulichotuletea. Lori hili jeupe la tani saba, tangu asubuhi akina mama wanalizunguka na kulipapasa matairi kana kwamba wanakagua ng'ombe wa mahari. Dereva wa mradi wenu aliyelileta ametukabidhi ufunguo, amekula, ameshukuru, na sasa yuko kwenye basi la kurudi Kigali. Kwa hiyo lori ni letu, na haliendi popote. Sababu ya kutokwenda popote ndiyo imefanya risala hii izidi dakika tulizopewa.

Anayekusomea ni Mzee Ridhwani, fundi wa kushona viti vya magari, kutoka Kamembe. Tumemchagua kwa sababu katika koperative hii kazi zote za kukaa mbele bila kushika usukani ni zake.

HISTORIA

Tulianza wakulima kumi na tisa, wengi wetu tumekulia Congo, tukiwa na kijigari kimoja cha mizigo kilichopeleka mikungu yetu soko la Kamembe. Dereva wake alikuwa Nyiramahoro, mama wa watoto watatu, aliyejifunza usukani Bukavu kwenye gari la mjomba wake. Perimi yake ya udereva ni ya kategori B, yaani gari ambalo pamoja na mzigo wake halizidi kilo elfu tatu na mia tano. Ilitosha.

Ndizi zikaongezeka, tukakodi Fuso. Gari la kuvuka kilo hizo linataka perimi ya kategori C. Sheria tuliisoma, mgeni rasmi. Tuliisoma pamoja katika mkutano mkuu, na tukaielewa vibaya kwa kauli moja. Tulidhani kilo zinazosemwa ni zile za ndizi: Fuso ikijaa ni ya C, ikiwa tupu ni ya B. Tukaamua Nyiramahoro awe anaipeleka tupu shambani, na kwa safari ya kwenda sokoni tumtafute mwenye C.

Tukampata Mzee Ridhwani. Perimi yake ya C ina miaka ishirini na miwili na haina doa hata moja, kwa kuwa haijawahi kufanya kazi. Siku ya kwanza baada ya kuipata aliingiza lori la tajiri wake mtaroni, akashuka, akaenda kushona viti. Lakini kila ikikaribia kuisha muda wake, huifanyia upya.

MAFANIKIO

Kwa miaka mitatu hatukuangusha mkungu hata mmoja. Hapa, mgeni rasmi, tunakuomba utusikilize kwa sikio moja tu.

Aliyeendesha ni Nyiramahoro, ikijaa na ikiwa tupu. Mzee Ridhwani alikaa pembeni na perimi yake mfukoni. Wakikaribia kizuizi cha polisi walisimama nyuma ya kona, wakabadilishana viti, naye Mzee akaivusha Fuso mbele ya polisi kwa gia ya kwanza huku mashine ikilia.

"Mzee, kanyaga ambreyaji kwanza, njo uingize vitesi," Nyiramahoro alimnong'oneza, akimwonyesha klachi kisha gia.

"Maman, uniache kidogo, niko nasoma bismillahi."

Polisi walimpigia saluti. Dereva mtaratibu namna ile hawakuwa wamemwona.

Sisi tulicheka, Nyiramahoro hakucheka. Yeye huimba kwaya, na jambo lile lilimkaa rohoni. Aliona aibu kujificha kwa sababu ya kazi anayoiweza kuliko wote.

Siku moja alikuwa peke yake akitoka Muganza, Fuso haina kitu. Afisa akamsimamisha, akatazama perimi, kisha lori.

"Maman, hii perimi ni ya gari kidogo. Hii ni kamio."

"Afande, iko tupu. Hamuna hata ndizi moja."

"Ikuwe tupu ao ijae, kamio ni kamio. Banahesabu ile yenye inaweza kubeba, habahesabu yenye umebeba."

Alimwonya, akamwita mwenye Fuso aje na dereva wake. Hivyo ndivyo koperative nzima ilivyofundishwa sheria, kando ya barabara, miaka mitatu baada ya kuipigia kura. Jioni ile Nyiramahoro alitwambia, "Nimechoka kuiba kiti yangu mwenyewe. Nitafanya C."

CHANGAMOTO

Mtihani wa maandishi aliupita mara ya kwanza. Wa barabarani una masharti: uje na gari la kategori hiyohiyo. Shule ya udereva tuliyoiuliza ina kigari kimoja kidogo, wakatuambia twende na lori letu. Na lori hilo, mpaka kwenye uwanja wa mtihani Kamembe, sharti liendeshwe na mwenye C. Mwenye C wetu unamjua.

Asubuhi ya mtihani Mzee Ridhwani alifika na kanzu safi. Akapanda, akashika usukani, akatazama mteremko wa kuelekea Kamembe. Akashuka.

"Mama Nyira, sitaweza. Nitaua batu."

Mtihani ulikuwa saa mbili, na saa moja na nusu ilikwisha kupita. Nyiramahoro akaendesha. Alifika kwa wakati, akarudi kinyumenyume katikati ya malori mawili, akaiegesha Fuso pakabaki nafasi ya kiganja kila upande. Afisa wa pale akasimama kuangalia.

"Nani amepanga hii kamio muzuri hivi?"

Nyiramahoro alikuwa ameapa kutodanganya tena. Akasema, "Ni miye, afande."

"Perimi yako?"

"Njo nimekuja kuitafuta."

Alizuiwa kufanya mtihani kwa miezi sita, kwa kosa la kuja kwenye mtihani. Hatumlaumu afisa, alifuata sheria ileile tunayoiomba itulinde. Akiandika karatasi alimwambia, "Lakini unaendesha muzuri, Maman." Maneno hayo hayakuingia kwenye karatasi.

Mwenye Fuso aliichukua. Ndizi zetu sasa zinapanda pikipiki, na nyingi zinaivia njiani. Nyiramahoro akienda shamba huzunguka kwa nyuma ili asipite barabarani. Alilia, mgeni rasmi. Tulimwona.

Miezi sita imekwisha. Ameomba tarehe nyingine. Ameulizwa atakuja na gari gani, na nani atalileta.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi manane, pamoja na ghala, maji na paa la ofisi. Tumeyafuta saba. Barua yenu ya makabidhiano inasema lori lisipofanya kazi kwa siku thelathini litapewa koperative nyingine, na inasema dereva wake ni Ridhwani. Hapa Mzee ameomba aweke karatasi chini aseme mwenyewe:

"Mugeni wetu, kwa barua dereva ni miye. Perimi ni ya kweli, unaweza kuiangalia. Lakini mbele ya batu bote hawa nasema: sitaliendesha. Kule chini batoto banatoka ku masomo. Miaka ishirini na mbili nimeogopa kusema hii neno. Leo nimesema."

Kwa hiyo ombi letu ni moja. Afisa wa mitihani, uliyekuja naye kutufundisha usalama barabarani, amekaa safu ya pili. Lori la kategori C lipo. Mteremko upo, kona zipo, na watu wa kushuhudia wamejaa. Nyiramahoro ni yule aliyesimama nyuma ya kwaya, mwenye tope kwenye viatu, anayetukataza kwa macho tusimtaje. Atahiniwe leo, hapahapa. Akishindwa, ondokeni na lori lenu, tutawasindikiza kwa nyimbo.

Na afisa akitaka kujua nani amelileta gari la mtihani, safari hii ni dereva wenu, mwenye C. Nyiramahoro amekuja kwa miguu.

Mungu akulinde, mgeni rasmi, alinde safari yako ya kurudi na anayekuendesha, abariki migomba yetu na kila anayetufikisha salama.

Ni sisi, wanachama wa Koperative Twikorere, Gashonga. Ufunguo tumeuweka mezani, mbele ya afisa.