Mama Bitota, Aliyetia Treni Macho Kisha Akayatoa

Miaka ishirini na sita ya kazi inafungwa tarehe 30 Septemba 1987, siku Citoyenne Bitota Badibanga atakapotoka katika biro ya upakiaji ya gare ya treni ya Kindu. Akirudi tena, itakuwa ni kusalimia watu na kuangalia kama tumechafua. Kamati ya sherehe imemwomba mwandishi wa mistari hii, shefu wa kupanga vagoni, yaani mabehewa, aandike maneno mawili matatu, maana ndiye aliyetembea kuliko wote hapa: Kinshasa, Lubumbashi, hata Bruxelles, ingawa huko aliona uwanja wa ndege tu. Shule ilimshinda mapema. Kalamu haijamshinda bado.

Mama Bitota aliingia mwaka 1961 kama daktilo, mpiga mashine ya kuandikia. Baba yake, muntu wa Kasai, alikuwa akilisha kuni mashine ya treni, na yeye mtoto wake akalisha karatasi mashine yake, kwa kasi ileile na kelele ileile. Wakubwa waliopita katika biro hii walisahihisha Kifaransa chao kwa kumtazama usoni. Akikunja paji, wanafuta neno.

Mwaka 1979 ikaletwa masini ya kuhesabu, ile kubwa ambayo mafundi huiita ordinatere. Shefu wa biro, Citoyen Kabasele, alikuwa ametoka kuisomea, na alitembea kama yeye ndiye aliyeizaa. Lugha ya masini ile inaitwa APL. Haina maneno, ina alama: mishale, duara, pembetatu, vitu ambavyo mganga angeviogopa. Mstari mmoja tu unajumlisha orodha nzima ya namba kwa pigo moja.

Tena APL yetu haikuwa ya kila mtu. Waliotengeneza masini yetu walikuwa wameiongezea mambo ambayo masini nyingine hazina. La kwanza, orodha iliweza kubeba orodha nyingine ndani yake, kama mufuko ndani ya mufuko. Treni nzima iliandikwa mara moja, na kila vagoni na mizigo yake, iwe miwili, iwe tisa. La pili lilikuwa nukta mbili ndogo. Ukiziweka kando ya alama ya kujumlisha, masini haipimi treni kwa jumla. Inaingia vagoni moja moja, inapima, inatoka.

Asiyefanya kazi ya reli atauliza faida ni nini. Faida ni kwamba simenti ikizidi katika vagoni moja, samaki wakavu wa vagoni ya pili hawaipunguzii kitu. Jumla itapendeza kwenye karatasi, ekseli ya magurudumu itakatika porini, na dereva anaweza asirudi kwa mke wake.

Basi Mama Bitota akapewa zile nukta mbili, na hapo tulicheka. Daktilo wa Kifaransa akiona nukta mbili anajua kazi yake: anarudi nyuma hatua moja na kuzipandisha juu ya herufi, kama katika neno Noël. Akazipandisha. Masini ikakataa. Akazipandisha vizuri zaidi, katikati kabisa, kazi safi. Masini ikakataa wiki nzima. Kabasele akasema kitabu kimekosewa. Mwishowe Mama Bitota akakasirika, akapiga kwa nguvu, akasahau kurudi nyuma. Nukta zikabaki pembeni, na masini ikajibu uzito wa kila vagoni. Mama akacheka mpaka miwani ikaanguka. “Kumbe wiki nzima niko naandikia simenti Noeli!” Kabasele akasema ndivyo alivyokuwa akieleza tangu Jumatatu.

Toka siku ile nukta zile zinaitwa macho. Madereva wenyewe walipita dirishani: “Mama, treni yangu imetiwa macho? Kama haina, mimi siendeshi.” Na ule mstari mmoja wa kupima treni, Mama aliubandika ukutani. Mgeni alionyeshwa mstari kwanza, kiti baadaye. Mwandishi naye alimfafanulia mkaguzi mmoja, akiwa amevaa suti mpya ya abakosti, na mkaguzi akaondoka akiamini kwamba ameonana na aliyeutunga.

Mwezi wa kwanza mwaka huu habari ikaja. Masini yetu imezeeka, vipuri hakuna. Itakuja nyingine, ndogo, nayo ina APL, lakini ile ya kawaida. Mufuko ndani ya mufuko haumo. Macho hayamo. Kila kilichoandikwa kwa macho kitakufa siku ile. Na kazi ya vagoni ikifa, biro itafungwa, tutarudi kwenye chaki, na Hadidja hatakuwa na mahali. Huyo ndiye ambaye Mama amemfundisha miaka minne ashike kiti chake, mwanamke mwenye watoto na mama mgonjwa nyumbani.

Mama Bitota alikuwa na likizo yake ya mwisho mkononi, na nyumba inayongoja paa huko Tunda. Tulimwambia aende, amekwisha kutupa vya kutosha. Akatundika mkoba wake mahali pake pa kila siku.

Miezi yote hiyo alikuwa akivunja kazi yake ya macho, aiandike upya kwa APL ya kawaida. Mstari wake mmoja ukawa mistari mingi ya kutembea kwa miguu. Kwa kuwa masini mpya inataka vagoni zote zilingane, ile yenye mizigo miwili ilibidi ijazwe sifuri mpaka ifanane na yenye tisa. Hadidja akauliza, “Mama, sifuri zote hizi zinapanda bila tiketi?” Akajibiwa, “Ziache zipande, hazili.” Kabasele yeye aliumia kweli. “Mama, uko nabomoa nyumba yako mwenyewe!” Mama hakuacha kuandika. “Ndiyo, nyumba njo yangu. Lakini mimi natoka, Hadidja njo anaingia. Unataka alale inje?”

Wiki iliyopita masini mpya ilijaribiwa kwa treni ya kweli, ya simenti na chumvi kwenda Kibombo. Mama alikataa kuingia. “Nikiingia, Hadidja ataniuliza,” akasema, akakaa nje, mlangoni kabisa, anamenya karanga. Tulisimama pale wote. Kisha Hadidja akatokea mlangoni. Hakumtazama Mama. Alimwita mwandishi.

“Shefu, vagoni ya saba iko nzito. Muteremushe simenti.”

“Una hakika?”

“Teremusha, baba, usinicheleweshee treni!”

Mama Bitota hakuinua kichwa. Alivuta tu kikapo chake pembeni, wapakiaji wapate kupita.

Citoyenne Bitota, gare nzima inakushukuru, na madereva zaidi, pamoja na wake zao. Nenda Tunda, ukaezeke paa lako, ulale mpaka jua likuchoke. Afya iwe yako, wajukuu wakuzunguke, na siku zako zote ziwe za raha. Hapa biro iko wazi. Hadidja yuko kazini.