Eulene Hinds, Dereva Aliyesimama Nostrand

Wasikilizaji wapendwa, hodi tena majumbani mwenu. Vuteni viti. Anayepika apunguze moto kidogo, maana leo tunaye mwenzetu wa kumsindikiza kwa maneno.

Eulene Hinds hayupo tena. Eulene Hinds, dereva wa treni za chini ya ardhi, alifariki Jumanne nyumbani kwake hapa Flatbush, mtaa wetu wa Brooklyn, kwa maradhi ya moyo. Ameacha mama yake mzazi, Bi Ismay, na binti yake, Shondelle. Wengi wenu mlibebwa naye bila kumjua. Mlikaa, mkasoma gazeti, mkasinzia, mkashuka. Yeye alikuwa mbele kabisa, nyuma ya kioo, mkono kwenye mpini.

Hatutapitia miaka yake yote ya kazi. Tutasimulia jinsi alivyoipata hiyo kazi, maana nusura aikose, na nusura akoseshwe na watu waliompenda kuliko wote.

Eulene alizaliwa New Amsterdam, kule Guyana, kando ya mto Berbice. Kwao kule salamu si hiari. Ukimpita mtu mzima barabarani kimya kimya, habari itatangulia kufika nyumbani kuliko miguu yako, na utamkuta mama mlangoni anakusubiri. Mtu akikupungia kutoka ng'ambo ya barabara, nawe unampungia. Hata kama humjui. Hata kama umebeba ndoo. Bi Ismay alimlea hivyo mwanawe, na walipohamia Brooklyn, Eulene alihama na mkono wake ule ule mwepesi.

Hapa mjini alitunza wazee majumbani mwao. Kuwanyanyua, kuwaogesha, kuwalisha. Mgongo ukaanza kumlalamikia angali kijana. Siku moja akaona tangazo la mtihani wa udereva wa treni. Akaufanya. Akangoja hata akasahau. Alipoitwa kwenye mafunzo, Shondelle alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede.

Basi Eulene akaacha kazi ya wazee, maana mafunzo ni ya kutwa. Bi Ismay hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Alisema mtu haachi tawi aliloshika kabla hajashika lingine. Na wasikilizaji, hapa sikilizeni vizuri. Dereva mwanafunzi yuko kwenye majaribio. Akifanya kosa kubwa, anatolewa. Akitaka kurudi, angoje mtihani mwingine utangazwe, na hapo inaweza kupita miaka. Eulene alikuwa na mtoto, alikuwa na mama, na nyuma yake hapakuwa na kazi ya kurudia.

Mwalimu wao aliitwa Bwana Ruggiero, Mtaliano wa hapa hapa Brooklyn, mfupi, sauti yake kama mtu anayetafuna changarawe. Siku za mwanzo hakuwapa treni. Aliwapa viatu vizito na taa, akawateremsha relini kwa miguu. Akawaonyesha reli ya pembeni, ile yenye umeme.

"Ukiigusa hii," akasema, "mimi nitajaza fomu, wewe utajaza kaburi. Kila mtu na kazi yake."

Hakuna aliyecheka. Treni ilikuwa inakuja. Aliwaamuru waingie kwenye vijishimo vilivyochimbwa ukutani, kila mtu na chake, mgongo kwenye saruji, na wasitoe hata kidole. Eulene alisikia ukuta ukitetemeka mgongoni kabla hajasikia mlio. Kisha upepo ukaja, ukamvuta kizibao kana kwamba kuna mtu anamwita. Rafael Quiñones, Mpuertoriko aliyesoma naye darasa lile, bado anakumbuka. "Nilimwona amefumba macho, midomo inakwenda," alituambia. "Nikamwambia, dada, niombee na mimi, sala zangu zimenitoka zote."

Huko relini walifundishwa lugha ya taa. Mfanyakazi akipandisha taa na kuishusha polepole, pita. Akiitikisa kwa nguvu kutoka upande hadi upande, simama. Eulene aliyashika yote. Mdomoni aliyashika. Kilichobaki ni mkono.

Walipoanza kuendesha, treni ikiwa tupu, Bwana Ruggiero alimficha mfanyakazi mmoja mbele kwenye handaki. Eulene akaja kwa mwendo wa wastani, mwalimu kasimama nyuma yake, wenzake wamejipanga mlangoni wakitazama. Yule mfanyakazi akajitokeza kando ya reli. Hakuwa na taa. Alivua kizibao chake cha rangi ya chungwa akaanza kukizungusha.

Eulene alimwona. Mkono wake ukanyanyuka wenyewe. Akampungia, akampigia na honi, akapita.

Bwana Ruggiero alifunga breki mwenyewe. Treni ikapiga kelele, ikasimama. Akamuuliza amefanya nini.

"Nimemwitikia, Bwana," akasema Eulene. "Alinisalimia."

Rafael anasema darasa zima liliangua kicheko mpaka mmoja akashika ukuta. Mwalimu hakucheka. Aliinama hadi uso wake ukawa sambamba na wa Eulene.

"Mama yako alikufundisha adabu, na alifanya vizuri," akasema. "Lakini humu hamna salamu. Chochote kinachotikiswa kwa nguvu karibu na reli, iwe taa, iwe kofia, iwe suruali ya mtu, maana yake simama. Akitikisa mfanyakazi, simama. Akitikisa mlevi, simama. Kwanza simama, halafu ndiyo uulize. Ukirudia tena hili, sitasema kitu. Utashtukia uko nje."

Tangu siku hiyo wenzake walimwita Malkia. Akiingia chumba cha chakula, wote wanampungia kwa madaha. "Malkia anapita, wekeni vijiko chini." Alicheka nao, lakini usiku hakulala vizuri. Alijua kosa lake halikai kichwani. Linakaa begani, kwenye kiwiko, mahali ambapo mama yake alilipanda.

Akaanza kujifunza nyumbani. Bi Ismay akikung'uta kitambaa cha meza dirishani, Eulene anaganda pale pale alipo, sufuria mkononi. Akikunja shuka, Eulene anaganda mlangoni. Bi Ismay alimpikia majani machungu anywe, akidhani mwanawe ameingiwa na kitu.

Ikaja siku ya mtihani wa mwisho. Jumapili mchana, treni ya kweli, abiria wa kweli, na Bwana Ruggiero ndiye wa kumpima. Eulene alikuwa amemwambia mama yake siku na njia atakayopita, ili amwombee. Akamsihi asije. Bi Ismay akakubali. Kisha akaenda kanisani, akasimama kutoa ushuhuda, akawaambia wote.

Sisi tunaolijua kanisa lile tunajua furaha yao ikoje. Hawapigi makofi. Wana leso nyeupe. Mtu akishuhudia jambo jema, leso zinapanda, zinazungushwa juu ya vichwa kama njiwa waliofunguliwa. Ibada ilipokwisha, Bi Ismay na wanawake wenzake watano hawakwenda nyumbani kula. Walishuka ngazi za stesheni ya Nostrand na magauni yao meupe, wakaenda kusimama mwisho kabisa wa jukwaa, pale treni inapoingilia, ili wawe wa kwanza kumwona.

Eulene aliondoka stesheni ya Utica bila tatizo. Akasimama Kingston bila tatizo. Nyuma yake kalamu ya Bwana Ruggiero ilisikika ikiandika. Handaki likapinda kidogo, taa za Nostrand zikatokea mbele.

Na kwenye taa zile, kitu cheupe kinazunguka.

Kisha viwili. Kisha vingi. Akaiona kofia ya zambarau ya mama yake, akajua. Wasikilizaji, mwenyewe alimsimulia Shondelle mara nyingi, kwamba alijua kama anavyolijua jina lake. Ni mama. Amefurahi. Ni leso tu. Akisimama hapa, mabehewa mengi yatabaki handakini, abiria watarushwa, treni zote za nyuma zitakwama, na mwalimu ataandika kwamba huyu ni mwoga, anaogopa hata leso za kanisani. Asiposimama, mwalimu ataandika kwamba amerudia kosa lile la salamu. Na mkono wa kushoto, ule mwepesi, ulikuwa umeshaondoka gotini. Ulikuwa unapanda.

Akaukalia. Kweli, wasikilizaji. Aliusukuma chini ya paja lake akaukalia. Kwa mkono wa kulia akafunga breki yote.

Treni ililia. Nyuma huko mtu akatukana, mtoto akaanza kulia. Pua ya treni ikaenda, ikaenda, ikatua hatua chache mbele ya wale wanawake. Milango haikufunguliwa. Abiria wakaanza kugonga vioo.

Bi Ismay akaja mbio dirishani, jasho na furaha usoni. "Eulene, mbona umesimama huku mwisho, mwanangu? Sogea kati tukuone vizuri."

Eulene akafungua dirisha. "Bibi, tafadhali rudi nyuma ya mstari. Kuna mtu relini?"

"Bibi?" akasema Bi Ismay. "Unaniita mimi bibi, kama mtu usiyemjua?"

"Kuna mtu relini, Bibi?"

"Mimi ndiye niliyekuzaa, Eulene."

Mmoja wa wale wanawake akajibu kwa niaba ya wote, leso imemning'inia mkononi, kwamba hakuna mtu, walikuwa wanashangilia tu. Eulene akamshukuru. Akatoa taarifa kwa redio. Akachukua taa, akashuka relini, akamulika mbele ya treni na chini yake, polepole, upande mmoja na wa pili, huku mama yake anamtazama kutoka juu na abiria wanamzomea. Hapakuwa na kitu. Pakiti ya biskuti na maji machafu. Akapanda, akaomba ruhusa, akaendelea. Alipompita mama yake hakugeuza shingo.

Mwisho wa safari Bwana Ruggiero akauliza wale walikuwa nani.

"Mama yangu na kanisa lake."

"Ulimtambua kabla hujasimama?"

"Tangu mbali."

"Na ulijua anashangilia?"

"Nilijua."

"Sasa ulisimama kwa nini?"

Eulene akaunyosha mkono wa kushoto, ule aliokuwa ameukalia. "Nilijua kilichomo moyoni mwake," akasema. "Sikujua kilichopo miguuni pake."

Mwalimu akamaliza kuandika. Akavaa kofia yake. "Kesho uje alfajiri uchukue ratiba yako," akasema. "Na yule mama mwambie kofia yake nzuri."

Wasikilizaji wapendwa, Eulene alifaulu. Lakini nyumbani hakupokewa kwa shangwe. Bi Ismay alinuna. Ameaibishwa mbele ya kanisa zima, ameitwa bibi na mtoto aliyemnyonyesha. Alipika wali wa kunde na nazi, akampakulia kila mtu, akafunika sufuria kabla ya Eulene kufika. Yalichukua muda yale kwisha.

Miaka yote iliyofuata Eulene alisimama. Alisimamia mwavuli. Alisimamia gazeti. Alisimamia vijana wanaozungusha fulana baada ya mpira. Wenzake walimtania kwamba Malkia hapiti bila gwaride. Mara karibu zote hapakuwa na kitu. Mara moja, mtu aliyeonekana mlevi alikuwa anazungusha koti huku anayumba, na relini, chini ya jukwaa, alilala mwanamke aliyeanguka kwa kifafa. Huyo mwanamke yuko hai. Juzi alikuja msibani, akakaa pembeni, akala, akaondoka bila kujitambulisha isipokuwa kwa Bi Ismay.

Bi Ismay tulimkuta jikoni, mzee sasa, anachambua mchele ambao hakuna aliyemwambia auchambue. "Siku ile alinifanya mgeni, nikakasirika," alisema. "Kumbe angenipita mimi kwa kunijua, siku nyingine angempita mtu kwa kutomjua."

Bi Ismay, Shondelle, na ukoo wote wa Hinds, poleni. Poleni sana. Mungu awape nguvu ya kubeba mzigo huu. Nanyi madereva wenzake mlioko kazini saa hii, pokeeni pole zetu.

Na wewe unayetusikiliza, kesho utapanda treni. Huenda ikasimama ghafla gizani, mbali na stesheni, na umechelewa, na mkono wako umeshakunjwa ugonge kioo. Usigonge. Huko mbele kuna mtoto wa mtu ameshika taa, anainama. Mwache atazame.