Bi Kinyaa, Mkaza Vyuma

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Tangu utotoni, mama aliporudi kutoka kuzalisha, alimkuta amesimama mlangoni na ndoo ya maji: hakumbatiwi mtu mpaka anawe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, kisha akaenda sekondari, ambako vyoo vilimshinda kabisa. Alibana haja hadi nyumbani, akitembea mwendo wa bibi harusi. Mwaka 1992 alihitimu chuo cha ufundi.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye karakana ya vipuri, upande wa kukaza vyuma kwa umeme, yaani kuvifanya vigumu. Koili ya shaba iliizunguka ekseli bila kuigusa, na ngozi ya chuma ikaiva nyekundu bila moto wala moshi. Hapo hapo ilimwagiwa maji yenye dawa. Nje ikawa ngumu, ndani ikabaki na uwezo wa kuhimili kishindo. Kazi hiyo aliipenda. Alichochukia ni tangi la maji hayo. Wenzake walitemea humo makohozi, wakamwaga makapi ya chai, na kila Jumatatu tangi liliamka na utando wa kijani na uvundo wa mzoga. Uchafu uliziba matundu ya kunyunyizia, na pale maji yasipofika chuma kilibaki na madoa laini. Yeye ndiye aliyeuchota ute huo kwa mkono, akitapika pembeni, huku wao wakimcheka na kumwita Bi Kinyaa.

Siku moja alimfuma fundi gia akitema humo.

“Kaka, kwenu mnatemea mate kwenye chungu?”

“Ah, dada, si maji machafu tu haya?”

“Machafu kwa sababu yako. Zoa.”

Akazoa. Kesho yake akaja kuzoa bila kuagizwa. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1996.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Kidonda kilichimbika, kikanuka, na hapa familia haitaremba: kilinuka vibaya. Dada, aliyeishi akiona kinyaa kwa uchafu wa watu, sasa alijionea kinyaa mwenyewe. Alimfungia mumewe mlango, akawa anajifunga bandeji peke yake, vibaya, na homa ikapanda. Muuguzi alionya kwamba kwa mwendo huo usaha ungemuua kabla ya saratani. Shemeji akaketi sakafuni nje ya chumba.

“Mama watoto, fungua.”

“Nanuka.”

“Najua. Nasikia harufu hadi hapa.”

Kisha komeo likavutwa.

Alipofungua bandeji mara ya kwanza, shemeji alikimbilia uani akatapika. Dada alimsikia. Akajifunika shuka hadi kichwani, akijua harudi. Alirudi, amenawa uso, macho mekundu.

“Kinatia kinyaa kweli,” alisema. “Geuka kidogo, nimalizie upande huu.”

Akageuka. Mlango ule haukufungwa tena.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, 4 Juni 2024, mumewe akimbadilisha bandeji. Shemeji alimaliza kuifunga, akaikaza vizuri, ndipo akatuita.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, mjukuu, mama yetu, kaka yetu mkubwa na sisi wadogo zake.

Apumzike kwa amani, mahali pasafi.