Binti wa Cheche Hataki Kubebwa

Benchi letu lipo mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, na ingawa nimesema mara mia kwamba ni la wateja, wateja ndio wanaosimama. Wanaokaa ni Refa, aliyechezesha mpira miaka mitatu na tangu hapo anatoa uamuzi wa kila kitu duniani, na Daktari, aliyefagia wodi ya watoto miaka saba na anaamini udaktari ulimwingia kupitia ufagio. Wa tatu ni Cheche, mchomelea vyuma, mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Huyo hunywa kikombe kimoja cha kahawa na kukimbilia kazini. Jumatano asubuhi alikuja na bintiye wa miezi kumi na moja, kamshika kwa mikono iliyonyooka kama mtu aliyebeba sufuria ya moto, na mtoto analia mpaka tukaweka vikombe chini. Alipomkalisha kwenye mkeka wangu, akanyamaza papo hapo.

— Mmeona? akasema Cheche. Nikimwinua, kilio. Nikimweka, kimya.

— Hiyo ni kadi nyekundu, bwana, akasema Refa.

— Refa, leo sina utani. Mama yake anaingia kiwanda cha mikate alfajiri, anarudi jioni. Anayemlea ni mama mkwe, aliyefikia kwa dada yake mtaa wa pili, na Jumamosi anarudi kwake, safari ya siku nzima. Hapa tunavyoongea ameenda kukata tiketi. Jana kaniambia, "Mwanangu, mtoto mwenyewe hakutaki. Nitaondoka naye."

— Wewe ukasemaje?

— Nikasema mtoto anabaki. Nitakuwa naye karakanani, kule pembeni, mbali na moto. Sitaki kumwona binti yangu kwa picha. Nina siku tatu za kujua ana nini na mimi, na nitajua.

Daktari akapuliza kahawa yake taratibu, kama mtu anayelipwa kwa saa.

— Mtoto wa umri huo hajui kitu. Kichwani mna uji mtupu. Huo ni upepo tumboni.

— Upepo unaojua nani kamwinua? nikamuuliza.

Nikarudi kwenye kandambili za watu. Donge la uzi likaniponyoka, likabingirika hadi ukingoni mwa mkeka. Nikanyoosha mkono, haukufika. Mtoto akatazama uzi, akatazama mkono wangu, akatazama uzi tena. Kisha akatambaa, akalisukuma donge hadi vidoleni mwangu.

— Bahati hiyo, akasema Refa. Ngoja nipime mwenyewe.

Akavua kofia yake, akaitupa chini makusudi. Mtoto akamkodolea macho, wala hakusogea.

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

— Mimi kimeniponyoka, kanisaidia. Wewe umetupa, kakuacha na kofia yako. Uji mtupu, eh, Daktari?

Mtu mwingine angeona haya. Daktari alibadilisha tu gia.

— Basi anajua kila kitu! Wanazaliwa wanajua, kuongea ndiko kunakowasahaulisha. Anakusoma, Cheche. Ana kinyongo. Siku alipozaliwa ulitaka wa kiume.

— Sijawahi kusema hivyo!

— Uliwaza.

— Sikuwaza!

— Kinyago hicho, akaingilia Refa. Kutwa umevaa kinyago cha kuchomelea. Mtoto anajua una nyuso mbili, hajui leo ipi imekuja. Faulo ya wazi.

— Lakini nyumbani sikivai.

— Ndiyo maana amechanganyikiwa.

Cheche hakusubiri hukumu ya pili. Akachuchumaa mbele ya mkeka, akaangusha glavu yake, akanyoosha mkono kama asiyeifikia. Mtoto akaivuta kwa shida, maana ilikuwa nzito, akampelekea hadi mkononi. Akatabasamu kabisa, meno mawili nje.

— Hanichukii! Jamani, hanichukii!

— Anakupa glavu uondoke haraka, akasema Daktari. Katumwa na bibi yake. Wanaongea kwa macho. Kule wodini niliona watoto watatu wamepangana kulia kwa zamu ili nesi asikae.

Cheche akamwinua. Kilio. Akamweka chini. Kimya. Mikono yake inakunja vyuma vya mageti, lakini kwa mtoto wa meno mawili ilishindwa, na nilimwonea huruma kwa kweli.

Mama mmoja alikuwa ameniletea kiatu muda huohuo. Kwa kuwa benchi limejaa wasiokuwa wateja, alisimama mguu mmoja peku akisubiri kisigino.

— Samahanini, akasema. Baba, ukimbeba huyu, huwa mnaenda wapi?

— Kwa bibi yake. Nampeleka kila asubuhi, halafu mimi kazini.

— Na jioni?

— Jioni yuko na mama yake.

— Jumapili?

— Jumapili nina kazi za watu pia. Nampeleka.

— Sasa ni lini ulimbeba msiende popote?

Refa akachungulia ndani ya kikombe chake. Daktari, mwenye jibu la kila swali, akaanza kukwaruza tope kwenye kiatu. Cheche akaitazama mikono yake. Miezi kumi na moja, na kila mikono ile ilipomjia, mtoto alikuwa anapelekwa kuachwa. Hakuwa amekosea hata kidogo. Niliona aibu kwamba tulikuwa tunamtafutia yeye kasoro.

Cheche akamwinua tena, na safari hii akaketi. Mtoto akapiga yowe, akajipinda, mikono kaielekeza barabarani. Refa akataka kusema neno, nikamwonyesha nyundo. Cheche akang'ang'ana palepale, jasho linamtiririka. Sijui ni muda gani ulipita, najua tu kwamba kisigino kilikauka gundi mkononi mwangu. Yowe likawa kilio, kilio kikawa kwikwi. Mtoto akatazama barabara, akamtazama baba yake, akatazama barabara.

Kutoka ng'ambo mtu akaita:

— Fundi! Geti langu vipi? Unakuja au huji?

Cheche hakugeuka.

— Siendi popote, akamwambia mtoto.